Magego ya Chiriku

Jumatatu, 4 Machi
Mkwe mwenzangu, mama yake mkamwana wangu, kaja tena na unesi wake wa kustaafu. Kamfunua mjukuu wetu mdomo pale sebuleni kama anayenunua mbuzi. Kasema magego mapya yana mifereji, chakula kinanasa, mswaki haufiki. Daktari wa meno ayapake utando wa kuyaziba kabla hayajaoza. Kuyaziba! Magego ya mtoto wa miaka saba! Nani anayesimamia mswaki wa mtoto huyu asubuhi na jioni, saa mkononi? Mimi, babu yake. Huo utando ni tusi. Nimetabasamu tu. Fundi cherehani kama mimi habishani. Hupima, kisha hukata.

Jumanne, 5 Machi
Mpango umekamilika. Nitampeleka mtoto mwenyewe, kimyakimya. Daktari aandike kwa mkono wake kwamba meno hayana dosari. Karatasi naitia fremu, natundika sebuleni, juu ya kiti anachopenda mkwe. Chiriku kaapa kutunza siri. Tunamwita Chiriku kwa kuwa mdomo wake haujui likizo, lakini damu ni damu.

Jumatano, 6 Machi
Mazoezi. Mswaki mara tano, na kila mara tofi moja ya pongezi. Bidii ya ajabu! Kaomba mwenyewe tupige mswaki mara ya sita.

Alhamisi, 7 Machi
Tumefika kliniki. Nani yuko kwenye benchi, mkoba magotini? Mkwe! Kasema kaja kutusindikiza tu. Chiriku kaangalia dari.

Daktari, binti mdogo mwenye sauti ya upole, kauliza mtoto hupiga mswaki mara ngapi. Nikajibu kwa kifua mbele: jana, mara sita. Chiriku akaongeza: na tofi sita. Nikapata kazi ya ghafla ya kukagua vifungo vya shati langu.

Kioo kikaingia mdomoni. Magego matatu mazima. La nne, chini kushoto, limeanza kutoboka. Daktari kasema tundu hilo si la jana, ni la miezi. Chiriku akanishika kidole, akaniuliza kama litang'olewa. Nilitamani meno yangu yote yachukuliwe badala ya lile moja. Mkwe ndiye aliyemjibu: halitang'olewa, mwanangu, litazibwa, na bibi yupo.

Likazibwa. Yale matatu yakasafishwa, yakakaushwa, yakapakwa utando mwembamba kama rangi ya kucha, yakamulikwa taa ya buluu. Hakuna sindano, hakuna chozi. Aliyefumba macho ni mimi. Daktari kasisitiza: mswaki uendelee, tofi basi.

Ijumaa, 8 Machi
Mwanangu, baba yake Chiriku, kauliza ilikuwaje. Nikasubiri kuumbuliwa. Mkwe kasema tuliamua pamoja, akaendelea kunywa chai. Mwanamke hatari sana huyu. Sikulala vizuri mchana.

Jumapili, 10 Machi
Nimewaeleza majirani wanne faida za utando. Wote wameshangaa jinsi nilivyowahi kuufikiria. Mwalimu wa Chiriku kaniomba nikazungumze na wazazi. Nimekubali, mtu asifiche kipaji.

Mkwe naye hatulii. Leo kadai nasogeza sana gazeti mbali na uso, nikapimwe macho. Macho! Katika ukoo wetu! Papo hapo nikachukua sindano, nikatunga uzi mbele yake, bila miwani. Dakika ishirini. Uzi wenyewe ulikuwa mbovu.