Nchi ya Kuugulia

Jumatatu, 3 Februari 2025
Chanika, Handeni

Naiomba radhi shajara hii. Miezi saba sijaandika hata mstari mmoja. Si uvivu. Nilikuwa nikifikiri, na mtu anayefikiri sana huandika kidogo.

Jambo lenyewe ni hili. Yusta, binti yetu aliyeko Gaborone, anataka mimi na mama yake tuhamie nje, tumalizie uzee wetu huko. Nichague mwenyewe: Gaborone alipo yeye, au kisiwa cha Morisi, ambako mumewe ana nyumba. Bima ya matibabu atalipa yeye. Anataka jibu kabla ya Ijumaa ya wiki ijayo.

Mwingine angeuliza hali ya hewa. Mimi nauliza hospitali tu. Nina sababu. Nina ngiri, upande wa kulia, mwaka wa pili sasa. Anayejua ni Emiliana, mke wangu, peke yake. Yeye anasema niende hospitali ya hapa mjini, nipasuliwe, nirudi nyumbani. Haiwezekani! Niliongoza shule katika mji huu miaka ishirini na mmoja. Anayepokea wagonjwa nilimfundisha. Anayefunga vidonda nilimfundisha. Nivue suruali mbele ya darasa?

Na yupo Mbwana, jirani yetu, bwana shamba mstaafu. Habari ikimfikia Mbwana asubuhi, adhuhuri iko Mkata, njia panda ya barabara kuu, inapita kwenye madirisha ya mabasi pamoja na mahindi ya kuchoma.

Nje ya nchi hakuna aliyepita darasani kwangu.

Jumatano, 5 Februari

Makaratasi ya bima yamefika. Yusta aliyatuma kwa simu, nikayachapisha stesheneri. Nimeyasoma mara tatu. Nimeshtuka mara tatu.

Bima ya Gaborone: ugonjwa uliokuja nao hautibiwi mpaka upite mwaka mzima. Bima ya Morisi: ugonjwa uliokuja nao hautibiwi kamwe. Miaka yote nilidhani bima ni ya wagonjwa. Kumbe inamtaka asiyeumwa, na akiumwa inamshangaa. Tena aliyetimiza miaka sabini hapokelewi. Nina sitini na tisa na miezi minane!

Halafu ukurasa wa tisa. Katika hospitali zao ndugu haruhusiwi kulala na mgonjwa. Chakula hakitoki nyumbani. Wanaokuja kumjulia hali ni wawili tu, kwa saa moja. Hapo moyo ulitulia. Nilimsomea Emiliana kwa sauti. Aliacha kuchambua mchicha, akauliza nani atanishikia beseni nikitapika. Nikamweleza kwamba kila kitanda kina kengele. Akauliza kama kengele itajua kuwa sijala. Nikafungua ukurasa wa kumi.

Mbwana alipita kuazima toroli, akayaona makaratasi mezani. Akasema mwanawe Mustapha naye anamwita ahamie Muscat, lakini yeye hawezi kuishi mahali ambapo lazima upige simu kwanza ndipo umtembelee mtu. Nilimhurumia. Hajui starehe.

Fomu zote mbili zinataka cheti cha daktari. Nimepata mpango. Kesho nakwenda Korogwe, ambako sijulikani. Nyumba ya wageni, siku tatu, bila ndugu wala jirani. Nitapimwa, na papo hapo nitafanya zoezi la kuishi ughaibuni. Emiliana nimemwambia kwamba nafuata mambo ya vitabu. Si uongo. Nimebeba viwili.

Alhamisi, 6 Februari
Korogwe

Naandika hospitalini, nimekaa kwenye benchi.

Zoezi lilianza vizuri. Nilishuka kwenye basi, hakuna aliyeniamkia. Nilikunywa chai, hakuna aliyeuliza habari za nyumbani. Raha iliyoje.

Hapa karani alitaka namba ya simu ya ndugu wa karibu. Nikasema sina, mimi ni kama mtu wa nje. Akasema hata watu wa nje wana ndugu. Nikampa namba ya laini yangu ya pili. Sikutarajia angeipiga pale pale. Simu iliita mfukoni mwa koti langu. Nikaipokea. Nikasema ndiyo, mgonjwa namfahamu, ni mtu mwadilifu. Karani alinitazama, akaandika.

Daktari ni kijana mpole. Alinipa shikamoo, akanibonyeza, nikapiga kelele. Akaacha kutabasamu. Anasema utumbo umeshuka na umeanza kubanwa. Nikamweleza kwamba nahitaji cheti tu, upasuaji nitaufanyia Morisi.

"Mzee," akasema, "Morisi hufiki. Tunakupasua leo."

Leo! Sijamwambia mtu. Nimetia sahihi mwenyewe. Muuguzi ameuliza ndoo yangu iko wapi, na shuka, na mtu wangu. Nimemwonyesha vitabu.

Jumamosi, 8 Februari
Korogwe, wodini

Niko hai. Naandika kwa shida.

Juzi jioni nilizinduka, koo limekauka. Niliitafuta kengele ukutani. Hakuna. Kitanda cha pili yupo mzee wa Mkumbara, anauguzwa na mkewe, Dorkasi. Huyo mama alininywesha maji kwa kijiko bila kuniuliza jina. Kisha akaniuliza kwa ukali:

"Mzee, unapasuliwa peke yako, huna kwenu?"

Nikajibu kwamba ni zoezi. Akachukua simu yangu, akatafuta jina linaloanza na Mama, akampigia Mama Yusta. Nilimkataza. Alinisikia vizuri sana.

Jana, kabla ya saa nne asubuhi, waliingia. Watu kumi na mmoja kwa gari moja! Uji chupa mbili, ndizi, mkeka, ndoo. Emiliana hakunigombeza, na hilo lilinitisha kuliko kisu. Nyuma yake Mbwana, amevaa kofia ya Ijumaa. Nilifumba macho. Haikusaidia.

"Fumbua, Mwalimu," akasema, wodi nzima ikisikia. "Ngiri yako tunaijua tangu mwaka juzi. Unatembea kama uliyebeba yai. Yangu mimi ilitolewa kabla ya masika ya mwaka jana, nawe ukaja kunipa pole ya malaria."

Kina mama walicheka ndani ya kanga zao. Mwaka juzi! Nilikuwa nikijificha kwa watu waliokwisha kuniona.

Kichefuchefu kilinijia ghafla. Aliyeshika beseni ni Mbwana. Baadaye alikwenda kuliosha mwenyewe. Sijui niandike nini kuhusu hilo. Naendelea.

Emiliana alikuja na kadi yangu ya bima ya wastaafu. Nilikuwa nimeifungia kabatini tangu nilipostaafu, isichakae. Karani aliitazama, akajaza fomu, akasema imetosha. Ngiri niliyokuja nayo! Hakuna aliyeuliza ilianza lini.

Jumatano, 12 Februari
Chanika

Nyumbani. Tangu niliporudi sijakaa peke yangu hata kwa muda wa kunywa kikombe cha chai. Wameleta kuku, wameleta maombi, wameleta dawa za mizizi. Leo mwanafunzi wangu wa zamani alikuja kubadilisha bandeji. Darasa la saba, safu ya nyuma. Ana mkono mwepesi.

Emiliana amempigia Yusta na kumwambia kwamba yeye haendi popote. Ni uchovu tu. Atabadilika.

Mimi nimepima yote kwa makini. Kosa langu limeonekana: Korogwe ilikuwa karibu mno. Gaborone nayo nimeifuta leo. Mbwana ameanza kuulizia pasipoti. Ana mpwa anayeendesha lori hadi Lusaka, na kutoka hapo, anasema, atafika tu, akija kunijulia hali. Yabaki Morisi. Morisi ina bahari pande zote. Tena sasa nina cheti kwamba ngiri imetolewa, basi siendi na ugonjwa wowote.

Ila asubuhi hii, nikioga, nimegusa uvimbe mdogo upande wa kushoto.

Sijamwambia mtu. Hata Emiliana. Kwenye fomu, mahali pa maradhi niliyonayo, nimepaacha wazi kwanza. Naangalia nisitoke nje wakati Mbwana yuko uani kwake, asinione ninavyotembea. Ijumaa ndiyo siku ya mwisho ya kumjibu Yusta. Kalamu hii naiweka kabatini, ilipokuwa kadi, na sitaishika tena kabla sijajua kwa hakika naenda kuugulia wapi.