Nani Ataisema ya Meneja?

Jumatatu, 6 Mei

Nimempeleka Meneja, mbwa wetu, kwa daktari wa mifugo. Kumpeleka ni neno la adabu tu. Nimemsukuma kwenye mkokoteni ninaobebea makochi ya wateja, nimemtandikia sponji nene, nimemfunika kitambaa jua lisimpige. Watu njiani wakadhani napeleka kochi. Kochi likakohoa.

Daktari akambonyeza tumbo, akamfunua midomo, akamsikiliza moyo. Akasema nyonga zimekwisha na ini limechoka. Dawa ya kumpunguzia maumivu anayo, ya kumrudishia ujana hana. Angekuwa nayo angeanza kuinywa yeye. Nikacheka. Halafu akavua miwani. Daktari akivua miwani mimi hutafuta mlango uko wapi.

Akasema tukae nyumbani tuzungumze. Tukishaamua, tumpigie simu. Atakuja mwenyewe, sindano moja, Meneja atalala tu. Nikamwuliza yeye anaonaje. Akasema anaona tukazungumze.

Nimefika nyumbani, mke wangu akauliza daktari kasemaje. Nikajibu kasema tumpe dawa. Si uongo! Ni ukweli uliopitiwa na mkasi. Mimi ni fundi makochi. Najua kukata pale ambapo mshono utaficha.

Jumanne, 7 Mei

Lazima nieleze sheria ya nyumba hii, ili atakayeyasoma haya nikishakufa asinihukumu haraka.

Anayesema ndiye anayefanya. Hiyo ndiyo sheria. Ukisema gesi imekwisha, beba mtungi. Ukisema bomba linavuja, shika spana. Niliitunga mwenyewe, enzi zile mke wangu alipokuwa akinitajia vitu vilivyoharibika kila nikikaa kula. Nilijiona nina akili za kuazimisha watu. Tangu siku hiyo hakuna anayesema kitu. Tumewahi kula mchuzi usio na chumvi wiki nzima, kila mtu akiusifia.

Sasa Meneja. Tulimwita hivyo kwa sababu tangu mdogo kazi yake ilikuwa kulala mlangoni mwa karakana na kutazama wengine wakifanya kazi. Leo amekonda, mbavu zinahesabika. Vidaraja vitatu vya barazani vinamshinda. Akilala anaguna kama mlango mbovu. Tunamwona wote: mimi, mke wangu, na Kitinda, binti yetu wa mwisho, ambaye anauza katika duka la rangi na ndiye pekee aliyebaki nyumbani. Wote tumejitia hamnazo. Maana atakayesema kwamba wakati umefika ndiye atakayempigia daktari, na ndiye atakayemshika kichwa sindano ikiingia.

Siwezi. Nilimleta mimi, ndani ya shati, njia nzima akinitafuna kifungo. Mwenye kumwingiza ndiye amtoe? Hiyo si haki. Ni sheria yangu, lakini si haki.

Kwa hiyo nina mpango. Mpango wa sahani. Nimeijaza sahani ya Meneja nyama ya kusaga na kuiweka mlangoni mwa jiko, pale ambapo mke wangu hawezi kupita bila kuiruka. Ataona nyama haijaguswa. Ataona nzi. Moyo utamjaa, mdomo utamfunguka. Atasema. Mimi nitainamisha kichwa kwa huzuni na kukubali.

Mchana: sahani nyeupe! Imelambwa! Nilicheza karakanani peke yangu, tepu ya kupimia shingoni. Nikakimbia kumwambia mke wangu kwamba Meneja kala. Akawa anatazama sufuria. Akasema naam, kala.

Jumatano, 8 Mei

Sahani tupu tena. Mbavu zile zile. Labda nyama inakwenda kwenye ubongo.

Mpango wa pili: shemeji, kaka yake mke wangu. Huyu bwana mdomo wake hauna kifuniko. Kwenye mazishi ya mjomba alisema jeneza limepinda. Mbele ya wateja wangu alisema kochi la kijani linafanana na chura aliyekanyagwa. Nikamwalika chai. Nikamketisha karibu kabisa na kona ya Meneja. Nikasubiri bomu lilipuke.

Akaanza vizuri. Akasema nyumba yangu inanuka gundi. Akasema nimenenepa, akamwuliza dada yake kama ananilisha au ananihifadhi. Akasema rangi ya ukuta ni ya hospitali. Nikawa namsogezea chai, namsogezea sukari. Endelea, shemeji! Endelea!

Mwishowe nikamwambia, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba Meneja huyo hapo ubavuni. Shemeji akanyoosha mkono, akapapasa, akapapasa tena. Akasema, "Shemeji, hongera. Mbwa kanona! Manyoya laini kama ya mtoto."

Alikuwa anapapasa gunia la vipande vya sponji. Meneja alikuwa amelala upande wa pili, anamtazama.

Shemeji haoni vizuri. Kila mtu anajua haoni. Lakini miwani hataki, anasema ni ya wazee. Nilitaka kumwambia. Nikakumbuka sheria: ukisema mtu anahitaji miwani, utampeleka kununua.

Ijumaa, 10 Mei

Siku mbaya. Nimefikiria nisiiandike.

Asubuhi nilikuwa sebuleni. Nikamwona Meneja nje, anarudi kutoka kujisaidia. Akapanda kidaraja cha kwanza. Akasimama. Akakitazama cha pili kama mtu anavyoutazama mlima. Miguu ya nyuma ikamtetemeka, akakaa chini pale pale, nusu juu nusu chini.

Hatua chache tu ningemfikia. Nikafikiri: nikitoka nitakuwa nimeona. Nikiwa nimeona itabidi niseme.

Nikaingia nyuma ya pazia.

Mwanamume mzima, mwenye mvi, nyuma ya pazia alilolishona mwenyewe. Meneja akageuza kichwa. Macho yake yana ukungu siku hizi, lakini pua haijastaafu. Akalielekea pazia na kutikisa mkia. Sikutoka. Akatikisa tena, kama mtu anayebisha hodi kwa adabu kwa sababu anajua wenyewe wamo.

Kitinda ndiye aliyetoka jikoni, akambeba kifuani, akampandisha. Akapita mbele yangu naye. Sikuhema. Akasimama.

"Shikamoo baba," akaviambia viatu vyangu.

Pazia ni fupi. Nilibania kitambaa.

Nikaitikia marahaba kutoka humo humo ndani. Hakusema zaidi. Angesema zaidi ningepata pa kujitetea.

Jioni, jirani mfuga kuku akanisimamisha getini. Kanishukuru kwa nyama. Nyama gani? Ile ya kusaga, akasema, ambayo mke wangu anawatupia kuku wake juu ya ukuta kila asubuhi. Kuku wametakata, wanataga mayai kama ngumi. Mungu awazidishie, akasema.

Nikasema amina. Ningesema nini?

Kwa hiyo mke wangu anajua. Anajua, na anaimwaga nyama ili asilazimike kuiona. Nilikasirika sana. Watu wengine wana roho ngumu! Nikaenda kulala bila kumwambia chochote.

Jumamosi, 11 Mei

Mpango wa tatu ulikuwa wa hali ya juu. Nimpigie daktari, apite nyumbani kama mtu anayepita tu, amwone Meneja kwa bahati, aseme mwenyewe. Nikampigia. Akaniuliza kama tumezungumza. Nikasema tunaelekea huko. Akasema yeye kazi yake ni sindano. Neno ni letu, maana mbwa ni wetu. Akasema tusichelewe sana. Meneja hawezi kutwambia, lakini anaumia kila siku tunayoitumia kutazamana.

Nikamshukuru. Nikamwambia mtandao unasumbua. Nikakata. Mtandao ulikuwa mzuri kabisa.

Mchana tulikula pamoja. Meneja akaguna kwenye kona yake. Mke wangu akasema chakula kitamu. Nikasema kitamu kweli kweli. Kitinda akaweka kijiko chini.

"Mimi nasema."

Mke wangu akamwambia ale kwanza. Nikamwambia wali utapoa.

Hakula. Akasema Meneja anaumia. Akasema kila alfajiri, kabla hatujaamka, anafua foronya ya kigodoro chake, kwa sababu hajimudu tena, na anaianika nyuma ya nyumba tusiione. Akasema mbwa huyu alikuwa anamsindikiza shule tangu hajaota meno ya pili, na hakuna siku aliyomwacha njiani, sasa sisi watu wazima watatu tumemwacha njiani. "Imetosha. Kesho. Mimi ndiye nimesema."

Mke wangu akajifunika uso kwa kanga, akasema habari ya kuku na nyama, yote, akilia.

La kwanza nililohisi mimi, niliandike tu kwa kuwa hakuna anayesoma, lilikuwa nafuu. Kama mtu kwenye foleni aliyesikia wameita jina la mwingine.

La pili ni baya zaidi. Nilijisikia nikisema, kwa sauti yangu hii hii, kwamba basi, sheria ni sheria, anayesema ndiye anayefanya.

Mke wangu akashusha kanga akanitazama. Hajawahi kunitazama vile, hata siku nilipomwangushia debe la rangi kutoka juu ya ngazi. Nikataka kujirekebisha. Nikasema simu nitapiga mimi, ngoja nitafute miwani. Kitinda alikuwa ameshatoka kwenda barazani. Nikamsikia akisema, shikamoo daktari.

Jumapili, 12 Mei

Daktari alikuja asubuhi na mkoba mdogo. Nikampokea, nikamkaribisha, nikamsifia viatu. Kisha nikakumbuka kuna kochi la mteja la haraka. Nikaenda karakanani, nikakaa kwenye cherehani, nikakanyaga. Nikakanyaga kwa nguvu, makelele yajae masikioni. Kitambaa kikapita, kikapita, kikapita.

Gurudumu likasimama. Mkono wa mke wangu ulikuwa juu yake.

"Baba Kitinda, hukutia uzi."

Nikatazama. Kweli. Kitambaa kizima, vitundu vitupu.

Akasema Meneja ananitafuta. Kila mlango ukilia anainua kichwa. Hakunivuta. Alishika gurudumu tu mpaka nikasimama.

Walikuwa sakafuni, Kitinda amekipakata kichwa chake, anamsimulia mambo ya duka la rangi kwa sauti ya chini, kwamba kuna mteja kataka rangi ya kijani akapewa nyekundu akaipenda. Nikapiga magoti. Meneja akanusa mkono wangu wenye gundi. Mkia ukapiga sakafu mara moja. Kwangu mimi! Nyumba nzima ina watu wawili wa maana, na mkia wake wa mwisho akampa mtu wa pazia.

Nikamshika sikio, lile lenye kovu. Nilitaka kumwomba radhi. Daktari alikuwepo, nikaona haya. Nikasema tu, haya Meneja, funga ofisi.

Akalala.

Shimo nililichimba mimi, nyuma ya karakana. Hakuna aliyesema. Nilichimba bila kupima, mimi ninayepima kila kitu mara mbili, na nilipotoka nikaona linatosha kuzika kochi la watu watatu. Mke wangu akalitazama, akanitazama, akanifuta tope usoni kwa kanga yake. Kitinda akaniambia pole baba. Yeye aniambie mimi!

Naapa hapa, kwa kalamu hii: kuanzia leo sheria imefutwa. Kitu kikiharibika katika nyumba hii nitasema mimi, wa kwanza, kwa sauti. Mficha maradhi kifo humuumbua. Nimeumbuka. Nimejifunza. Mimi ni mtu mwingine.

Alhamisi, 16 Mei

Kigodoro cha Meneja bado kiko mlangoni mwa karakana.

Kitinda anakizunguka kwa pembeni. Mke wangu anakiruka, hata akiwa na ndoo ya maji. Mimi naingilia dirishani. Mteja mmoja alinikuta nusu ndani nusu nje, akauliza kama nimepoteza ufunguo. Nikasema nanyoosha mgongo.

Sheria nimeifuta, ndiyo. Ila kufuta sheria nako kunataka kutamkwa, na sijapata nafasi ya kuwatamkia. Watu wako kwenye huzuni. Si vizuri kuwavamia na mambo ya utawala.

Wa kukiondoa na akiondoe basi! Lakini nani? Mke wangu ni mlegevu wa moyo. Kitinda kashabeba vya kutosha, hata mimi nina aibu. Na mimi nina dirisha.

Ndipo likanijia wazo. Shemeji anakuja Jumapili kunywa chai. Bado hajanunua miwani. Nitamwita karakanani aje aone lile kochi la kijani. Atajikwaa. Na kwa mdomo ule, akijikwaa lazima aseme, na akishasema, sheria ni sheria.

Nimetoka kukisogeza kidogo, katikati kabisa ya mlango, asije akakikosa.

Kisha nikakirudisha. Alikuwa anapenda kikae upande wa kushoto, penye jua la asubuhi.

Atajikwaa hapo hapo.