Gody Waranti na Spika za Kwaya ya Butiama

Saa tisa alasiri, siku ya Jumamosi, kwenye baa ya Werema pale Kitaji, Musoma, spika mbili kubwa zilikohoa kwa pamoja, zikatoa moshi mwembamba, zikanyamaza. Wateja waliokuwa wanacheza walibaki wameinua mikono hewani kama watu walioambiwa wajisalimishe.

Gody alikuwa amekaa kaunta akinywa soda ya mkopo. Alikuwa kijana wa miaka thelathini na mbili, shati limenyooshwa mpaka linakata, na kazi yake ilikuwa kuuza vitu ambavyo havipo. Mwaka uliotangulia aliuza viwanja vitatu huko Kibara ambavyo, masika ilipofika, vilionekana kuwa ni ziwa. Tangu hapo alikuwa anatafuta biashara isiyolowa.

"Pole, bosi," alisema. "Hizi ulinunua wapi?"

"Mtandaoni, mura," Werema alijibu, akiipiga kofi spika ya kulia kama mtoto aliyezimia. "Dukani walikuwa wanauza ghali, lakini na waranti ya mwaka mzima. Mtandaoni ni punguzo nusu kwa nusu, ila bila waranti. Nikajiuliza, waranti ya nini? Spika si ng'ombe kwamba itaugua."

"Na muuzaji anasemaje?"

"Nikimpigiaga naambiwa nijaribu tena baadaye. Baadaye ipi? Wiki ya tatu hii."

Gody akaweka soda chini. "Kungekuwa na mtu anayeuza waranti peke yake, bila spika, ungenunua?"

"Leo hii hii."

Hapo ndipo Gody alipoona kitu ambacho wasomi wote wa uchumi walikuwa wamekipita bila kukiona. Mji mzima ulikuwa umejaa watu waliokimbilia punguzo na sasa hawalali. Mwenye duka anauza spika iliyovaa waranti. Wa mtandaoni anauza iliyo uchi. Kwa hiyo alihitajika mtu wa kuuza nguo tu. Na uzuri wa nguo ya aina hiyo ni kwamba inashonwa kwa karatasi.

Wiki haijaisha, Kampuni ya Kinga Sauti ilikuwa imezaliwa kwenye duka la kuchapisha karibu na stendi. Ilikuwa na mhuri, stika inayong'aa na mkurugenzi mmoja. Mteja alilipa sehemu ya kumi ya bei ya spika yake, akapewa cheti chenye maandishi makubwa: SPIKA YAKO IKIFA TUNAKULETEA MPYA, NAYO ITALINDWA HADI MWAKA UISHE. Chini kabisa, kwa herufi za ukubwa wa sisimizi, iliandikwa kwamba waranti haihusu madhara ya umeme, maji, vumbi, joto na panya. Kwa kuwa Musoma hakuna spika iliyowahi kufa kwa sababu nyingine, kampuni ilikuwa salama.

Biashara ikakubali. Wenye kumbi Musoma walinunua, washereheshaji wa Bunda walinunua, hata muuza kanda za nyimbo ambaye spika yake ilikuwa ndogo kuliko cheti. Werema naye aliagiza spika nyingine za punguzo, akazikatia waranti, na zilipokufa akampigia Gody. Gody alifika na koti jeupe, akainama, akanusa.

"Panya," alisema kwa huzuni.

"Panya yupi? Humu kuna paka watatu!"

"Bosi, paka hawezi kuingia ndani ya spika. Panya anaweza. Soma kipengele cha tano."

Werema alisoma kipengele cha tano kwa dakika nzima, kisha akamwita Gody kwa majina ya kienyeji ambayo hayakuhitaji tafsiri.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa yakienda, na miezi mitano ilikuwa imepita, siku simu kutoka Butiama ilipoingia. Aliyepiga alikuwa Ursula, mwenyekiti wa kwaya ya kigango kimoja huko, mwanamke wa makamo anayeuza dagaa sokoni. Alisema kwaya ina spika mbili na inataka waranti. Gody alipanda bodaboda siku hiyo hiyo, kwa sababu kwaya ni wateja wazuri: huomba kabla ya kulalamika.

Alizikuta spika mbele ya kanisa, ndefu kama walinzi, zimefunikwa vitenge hadi miguuni. Wimbo ulikuwa unatoka huko, mwororo kabisa. Ursula alimkaribisha kwenye benchi, akavaa miwani, akasoma cheti chote. Gody hakuwahi kuona mtu akikisoma chote.

"Baba, hapa chini umeandika umeme," Ursula alisema. "Sasa spika ya kanisani inatumiaga nini? Kuni?"

"Mama, huo ni utaratibu tu wa kampuni."

"Basi ufute."

"Siwezi kufuta, mama. Makao makuu watanifukuza."

Ursula akakunja karatasi polepole na kumrudishia. "Sawa, baba. Sisi tulizipata mtandaoni kwa punguzo la asilimia sabini. Dukani tungelipa zaidi, tukapata waranti. Mimi ndiye nilipiga kelele tuchukue punguzo, mwalimu wa kwaya alitaka waranti. Hela ilikuwa ya maandazi tuliyouza mwaka mzima. Nilitaka tu nilale usingizi. Lakini kama haiwezekani, nitamwambia Masanja wa Bunda kwamba haiwezekani."

Gody alikuwa ameshasimama. Akakaa. "Masanja yupi?"

"Ana spika arobaini za kukodisha. Harusi, misiba, mikutano, kote mpaka Guta. Aliniambia, Ursula, nijaribie hao watu. Nikiona wamemlipa hata mtu mmoja kwa haki, nazikatia zangu zote."

Kuna sauti ambayo mtu wa kazi ya Gody huisikia tumboni kabla ya masikioni. Arobaini! Alitoa kalamu. Akafuta umeme, akafuta maji, vumbi na joto, na kila alipofuta akasaini pembeni kama Ursula alivyoonyesha kwa kidole.

"Na panya," Ursula alisema.

"Na panya," Gody alikubali, ingawa panya alimuuma.

"Halafu hapa andika kwamba umezikagua na zinaimba vizuri, tusije tukasumbuana. Twende kwa mtendaji wa kata akugongee mhuri, na nakala ya kitambulisho chako ibaki kwenye faili la kigango."

Gody alisita kidogo kuhusu kitambulisho. Kisha akasikiliza wimbo uliokuwa unatoka kwenye vitenge, akafikiria arobaini, akaandika: *Nimezikagua, zinaimba vizuri sana.* Katika miezi yote mitano hakuwahi kukagua spika hata moja, na hakuona sababu ya kuanzia kanisani.

Siku ya nne Ursula alipiga simu. "Baba, zimekufa."

"Zote mbili?"

"Kwa pamoja. Zilikuwa zinapendana sana."

Gody alicheka, akakata, akaiweka namba ya Ursula kwenye orodha ya wasiopokelewa. Nusu saa haijapita, simu ikaita tena. Sauti ilikuwa nzito, ya chini, inayotoka kifuani kama ngoma ndani ya pipa.

"Ni Kinga Sauti? Mimi Masanja, Bunda. Nasikia kuna spika zimekufa Butiama. Jumapili nitakuwepo kanisani nione mnavyolipa. Mkilipa, Jumatatu tunaandikishana arobaini. Msipolipa, nitawaambia watu wote ninaowafahamu."

"Mzee wangu, sisi ni watu wa kulipa!" Gody alisema. "Furaha ya mteja ndiyo furaha yetu!"

Baada ya kukata alitembea chumbani kwake huko Kitaji, akienda na kurudi. Spika mbili kwa waranti arobaini: hiyo haikuwa hasara, ilikuwa chambo. Ndoano nzuri haitupwi tupu. Akafungua simu na kutafuta spika mpya, na kwa mara ya kwanza maishani akajikuta upande wa pili wa kaunta.

Aliona tangazo la muuzaji mmoja wa Bunda. Bei kamili na waranti ya mwaka, au punguzo la asilimia arobaini bila waranti, mzigo ukitoka haurudi. Gody alisoma mara mbili. Alifikiria umeme wa Butiama. Alifikiria cheti alichosaini kwamba hata hizi mpya zitalindwa hadi mwaka uishe. Kisha akafikiria waranti kwa ujumla wake, kama mtu anayejua soseji inatengenezwaje.

"Waranti ni karatasi," alijiambia, na akachukua punguzo.

Wakati huu alikagua. Alizifuata mwenyewe Bunda, akaziwasha mbele ya muuzaji, zikaunguruma mpaka kuku wa jirani wakatawanyika. Akazifunga kwenye gari la kukodi na Jumapili asubuhi akaingia Butiama kwa suti.

Kigango kilijaa. Baada ya matangazo ya ndoa, katekista alimwita mbele. Gody alishika kipaza sauti kwa mikono miwili na kuongea kwa dakika tisa juu ya uaminifu, kwa uchungu wa kweli hata mama mmoja wa benchi la mbele akatoa leso. Watu walimrekodi kwa simu. Alimkabidhi Ursula spika, wakapiga makofi, vigelegele vikapanda mpaka kwenye bati.

Alikuwa anapitisha macho akimtafuta tajiri mwenye spika arobaini. Hakumwona. Kila mtu alionekana wa kawaida.

"Sasa kwaya itatoa shukrani," Ursula alisema.

Wakasimama kwa majoho ya bluu. Sauti za kwanza zikaanza, za pili zikafuata, halafu kutoka mstari wa nyuma mwanamume mmoja mnene akafungua mdomo na kuimba besi peke yake. Sauti ilikuwa nzito, ya chini, inayotoka kifuani kama ngoma ndani ya pipa, na spika mpya zikaibeba na kuimwaga kwenye kila benchi.

Gody alihisi suti inambana.

"Yule nani?" alimuuliza mama wa leso.

"Masanja? Anafyatuaga matofali kule Guta. Ameoa hapa, Jumapili huja kuimba. Besi kama ile hakuna Mara nzima."

"Ana spika za kukodisha?"

"Masanja? Hata redio hana."

Misa ilipokwisha, Gody alimkamata Ursula nje, nyuma ya kanisa, ambako zile spika za zamani zilikuwa zimelazwa kwenye nyasi. Alikuwa anatabasamu kwa meno tu.

"Mama, mmenichezea. Masanja wenu ni fundi matofali."

"Nilikwambia ni wa Bunda. Guta si Bunda?"

"Na spika arobaini?"

"Ah, hizo alikuwa anatamani." Ursula alivua miwani akaifuta kwa upindo wa kitenge. "Kila mtu ana ndoto yake, baba."

Gody akatafuta pa kumshika. "Basi hizi mbovu ni mali ya kampuni. Nitauza vyuma vyake." Akaomba bisibisi, akafungua mgongo wa spika ya kwanza, akavuta kifuniko. Ndani hakukuwa na waya. Hakukuwa na sumaku. Palikuwa na matofali mawili ya kuchoma, yamefungwa kwa magazeti yasigongane.

Alifungua ya pili. Matofali mawili.

Masanja alikuwa amesogea, joho mkononi. Aliinama akatazama kwa jicho la kazi. "Si ya kwangu haya," alisema. "Yangu hayamomonyokagi hivi."

"Hizi hazijawahi kuimba!" Gody alipayuka. "Zilikuja hivi!"

"Zilikuja hivi," Ursula alikubali. "Asilimia sabini. Nilipozifungua nililia siku mbili, baba. Wanakwaya walikuwa wananiangalia kama ni mimi niliyekula ile hela. Nikasikia kuna kampuni inatoa waranti bila kukagua."

"Nilisikia wimbo!"

"Redio ya Marieta wa kwaya, ilikuwa chini ya kitenge. Lakini wewe umeandika umezikagua, na zinaimba vizuri sana. Neno *sana* uliliongeza mwenyewe, mimi sikukuomba."

Simu ya Gody ilianza kutetemeka mfukoni. Ile hotuba ya dakika tisa ilikuwa imeshafika Musoma, na wenye kumbi, washereheshaji na muuza kanda walikuwa wanapiga kwa zamu kuuliza: kama Butiama mmelipa, sisi mnatulipa lini?

Akaizima. Akapanda bodaboda kuelekea Bunda kutafuta basi la mbali, bila kuaga, na alikuwa bado hajafika hata Nyamuswa alipoiwasha aone saa. Ikaita palepale, namba ngeni.

"Baba, ni Ursula, natumia simu ya katekista. Ile ya kushoto imeanza kukoroma. Umeme ulikatika ukarudi kwa nguvu."

"Mama, huo ni umeme! Umeme hauhu..."

"Umeufuta," Ursula alisema kwa upole. "Na mtendaji amesema kitambulisho chako anakijua mpaka mtaa. Imebaki miezi kumi na moja na siku kadhaa."

Gody alimwambia dereva asimame. Akampigia muuzaji wa Bunda, akaeleza, akabembeleza, akataja undugu ambao haukuwepo. Muuzaji alimsikiliza mpaka mwisho.

"Pole sana, kaka," alisema. "Ungechukua ile ya waranti tungekubadilishia kesho asubuhi. Wewe ulichagua punguzo."

Dereva aliuliza kama safari ya Bunda inaendelea. Gody alikaa kwenye siti, suti imejaa vumbi, akahesabu waliobaki kumpigia na milango iliyobaki ya kutokea. Kisha akasema wageuze.

Gody alifika mlangoni mwa kanisa amevua koti, anakunja mikono ya shati. Ursula alikuwa ameshamwekea kikombe cha chai juu ya spika iliyokuwa inakoroma.

"Karibu, kampuni," alisema. "Kunywa kwanza."

"Mama," Gody alisema, "ile bisibisi iko wapi?"