Siku Zangu za Kuangusha Maboksi

Jumatatu, 3 Machi

Profesa katangaza leo asubuhi: mradi unapunguzwa, msaidizi atabaki mmoja. Ama mimi ama Kimya. Uamuzi Ijumaa ya wiki ijayo.

Shida ni kwamba nyumbani nilishasema nimeajiriwa moja kwa moja. Mke wangu alifurahi hadi akalia. Mama mkwe hakulia. Aliniangalia tu. Kwa hiyo kazi hii lazima niipate, hata kwa kupiga magoti.

Cheo changu ni Msaidizi wa Utafiti wa Ubongo. Mama mkwe anadhani natibu vichwa. Kazi yenyewe: kuangusha maboksi! Profesa anataka kujua kama mtu akitembea taratibu, akili yake yote ikiwa kwenye nyayo, ubongo wake unazidi kuwa na huruma. Basi kundi moja linatembea chumbani dakika ishirini, polepole kama bibi harusi. Kundi la pili linakaa vitini na kusoma magazeti ya zamani. Kisha wanatoka mmoja mmoja, na koridoni wananikuta na maboksi manne. Naangusha. Anayeinama kusaidia anatiwa alama. Sheria ni moja: usitoe sauti, hesabu hadi ishirini, kisha okota mwenyewe.

Kimya anafanya vivyo hivyo zamu ya mchana. Tumempa jina hilo kwa sababu kwa siku hazidishi maneno kumi.

Jumanne, 4 Machi

Nimechungulia daftari. Jana mimi walinisaidia watatu kati ya kumi. Kimya wanne! Ni wazi kwamba mwenye wengi ndiye atakayebaki. Profesa hajasema hivyo, lakini kuna mambo hayahitaji kusemwa.

Leo nimeongeza mguno. Mdogo tu, mkono kiunoni, "Uuu!" Saba kati ya kumi! Kimya amebaki na wanne wake. Nilimpa pole. Akasema asante, akaendelea kukunja waya. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Huyu si wa kuchezea.

Alhamisi, 6 Machi

Jana mguno tena, wanane. Leo bandeji ya mkono, pamoja na kuchechemea. Tisa! Wa kumi alikuwa na simu sikioni, na huyo sidhani kama ana ubongo wa kupimwa.

Mwalimu mmoja mstaafu, wa kundi la vitini, alipanga maboksi yote peke yake, akanikalisha, akauliza kama nina mtu wa kunipikia. Nikasema sina. Mungu anisamehe, na mke wangu asisikie. Mama wa watu akaondoka akitikisa kichwa.

Ijumaa, 7 Machi

Kwenye kikao Profesa alisema kuna jambo la ajabu. Waliokaa vitini wanasaidia sawa na waliotembea, na ni asubuhi tu. Zoezi lake halionekani kuwa na faida yoyote. Inakuwa kama huruma inatoka koridoni, alisema. Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu. Ni nadra kusifiwa mbele ya watu.

Baadaye akanijia na chupa ya dawa ya kuchua. Mwalimu mstaafu alikuwa ameiacha mapokezi, apewe yule bwana mgonjwa asiye na mtu. Profesa akauliza kama naumwa. Nikasema ni jeraha la zamani. Akautazama mkono wangu wa kushoto wenye bandeji. Alisema mwalimu ameandika kwamba ni wa kulia.

Nikamwambia maumivu yanahama.

Jumatatu, 10 Machi

Wiki hii hakuna watu wa koridoni. Profesa anataka kesho mimi na Kimya tuvae kofia ya waya, ile inayosoma umeme wa ubongo. Tutatazama picha za watu walioumia. Anasema ni kuhakiki mashine. Hahaha! Ni mtihani wa huruma, na ndio utakaoamua.

Nimefanya mazoezi mbele ya kioo jioni nzima. Nyusi zikutane, meno yabanwe, midomo itetemeke. Mke wangu akauliza kama ni tumbo. Mama mkwe alikuwa anapita, akashauri nipewe maji ya uvuguvugu. Nikafunga mlango. Ubongo hauzoezwi kwenye kelele.

Jumanne, 11 Machi

Nilipakwa jeli kichwa kizima, nikavishwa kofia. Picha ya kwanza: mama aliyebanwa kidole na mlango. Nikakunja uso kwa nguvu zangu zote. Mistari kwenye skrini ikaruka juu na chini! Nikajiambia, kumbe nina huruma ya kuvunja mashine.

Profesa akaja, akaniomba kwa upole nilegeze taya. Alisema kofia inashika na misuli pia. Kwa dakika kumi mashine imerekodi taya langu na paji la uso. Ubongo wangu haujaonekana hata chembe.

Nikalegeza. Mistari ikatulia, picha zikaendelea, nami nikawa nawaza Ijumaa.

Kimya alikaa pale bila kusogeza hata ukope. Nilitafuta ujanja wake usoni nikaukosa. Mwishoni nikaona chozi linamteremka shavuni, wala hakulifuta. Hata chozi analificha waziwazi!

Jumatano, 12 Machi

Niliitwa ofisini. Koridoni kuna kamera. Nilidhani ni ya wezi. Kumbe ndiyo inayohakiki hesabu zetu, na ina sauti. Profesa alinisikilizisha miguno yangu mmoja baada ya mwingine. Ikisikika peke yake, bila maboksi, ilitia aibu.

Asubuhi zangu nne zinafutwa, watu arobaini. Hawawezi kurudiwa kwa sababu wameshajua mchezo. Wengine walitoka kazini bila malipo kuja kutusaidia, alisema. Hakupandisha sauti. Afadhali angenifokea.

Maji yakazidi unga. Nikaungama yote: mke wangu, mama mkwe, ajira ya uongo. Sauti ilitetemeka yenyewe, safari hii sikuitia mkono. Niliona aibu ya kweli, naandika bila kuficha.

Profesa akazima sauti ya kamera. Kisha akasema Kimya alishakuja kuniombea. Amejitolea kufanya nusu siku kwa nusu mshahara ili tubaki wawili. Nilikaribia kulia. Halafu nikajiuliza anataka nini.

Basi, nimepewa nafasi moja. Niandike taarifa ya kila nilichofanya, kila mguno na kila kuchechemea, kwa tarehe, ili atakayesoma utafiti ajue kwa nini siku hizo zimefutwa. Profesa atailinganisha na kamera. Ikiwa kweli tupu, nitapata miezi mitatu ya nusu siku. Ikiwa sivyo, kwaheri. Niipeleke Ijumaa saa nne.

Ijumaa, 14 Machi

Nimeamka mapema, nimeandika kweli tupu. Miguno ishirini na tisa, kuchechemea mara kumi na saba, bandeji mbili. Moyo ukawa mwepesi. Nikaisoma tena. Nusu ukurasa!

Nusu ukurasa hata Kimya angeandika. Profesa ni mtu wa kazi kubwa, hawezi kumbakisha mtu kwa nusu ukurasa. Nikatia chumvi kidogo. Miguno sasa ni sitini na nne. Machozi, mara tano. Kuzirai mara mbili, moja kwa kupigiza kichwa. Zimetoka kurasa saba, na majuto yake yanasomeka vizuri sana. Ukweli wa namna hii hata kamera yenyewe haina.

Mke wangu aliniona nimevaa shati jeupe, akauliza kuna nini. Nikamwambia leo natia saini mkataba wa miaka mitatu. Akanikumbatia.

Mama mkwe akauliza kutoka jikoni, miaka mingapi? Nikasema mitano.