Sampuli za Daktari Methusela

Methusela wa Ipagala hakuwa daktari wa chochote. Kazi yake ya mwisho ilikuwa udalali wa viwanja, na viwanja vyenyewe vilikuwa katikati ya barabara. Asubuhi hiyo alikuwa amewakimbia wateja wake na kujibanza kwenye duka la fotokopi, ndipo alipomsikia Mwalimu Kudra akilalamika huku akitoa nakala za mchoro wa makundi ya vyakula.

Kudra alifundisha lishe katika shule moja ya Hombolo. Watoto waliyajua makundi yote kwa kichwa, lakini mchana walishindia maji, kwa sababu wazazi walikataa kuchangia chakula.

"Afisa lishe amekuja mara tatu," alimwambia mwenye duka. "Wazazi wanasinzia tu."

"Hamjanipata mimi," alidakia Methusela, akifunga kifungo cha juu cha shati. Shahada yake yote ilikuwa kwenye kifungo hicho. "Daktari Methusela, bingwa wa lishe na ubongo. Sitaki hata senti. Kila mzazi alete sampuli: jogoo, mayai na kidebe cha karanga. Nikizipima maabara mjini, najua mtoto yupi atafika chuo kikuu."

"Maabara gani inapima jogoo mzima?"

"Ukimpima nusu, mwalimu, atatoa majibu nusu."

Kudra akatabasamu. "Karibu Alhamisi, daktari. Ila uongee vizuri."

Alhamisi Methusela alifika na kirikuu cha kukodi cha kubebea mizigo, kichwani ameshawauza jogoo wote. Wazazi walijaa uwanjani. Nyuma yake, kando ya darasa la tatu, walilala jogoo arobaini walioletwa kupimwa, miguu imefungwa. Hotuba ya dakika tano ingetosha. Lakini tumhurumie: maisha yake yote hakuna aliyewahi kumpigia makofi.

"Ute wa yai unakwenda kwenye hisabati," alianza. "Kiini kinakwenda kwenye Kiswahili!"

Makofi.

"Na jiografia je, daktari?" aliuliza Mzee Sila.

"Shikamoo mzee. Jiografia yote iko kwenye firigisi."

Kila mtu alijua firigisi huliwa na nani. Mzee Sila, baba wa watoto saba, alisimama machozi yakimtoka.

"Jamani! Nimekula jiografia ya wanangu miaka ishirini!"

Vigelegele vikapasuka, na Methusela akapandwa na mzuka. Akagawa historia kwenye maini na sayansi kwenye karanga. Akapaza sauti: "Mtoto akikosa mlo kamili hata leo mchana, somo moja limekwenda, halirudi!" Saa moja na nusu ikapita. Hakugeuka nyuma hata mara moja. Angegeuka, angeona manyoya.

Harufu ya mchuzi ndiyo iliyomkatisha. Alipogeuka, masufuria manne yalikuwa yanatokota, walimu wanachochea kuni na Kudra anaonja chumvi.

"Sampuli zangu!"

"Si umesema leo mchana, daktari?" Kudra aliwageukia wazazi. "Tuzipeleke mjini, au tuwape watoto?"

"Watoto!" waliitika, Mzee Sila akiwazidi wote kwa sauti.

Karanga zilikuwa zimeshafungiwa stoo kwa ajili ya uji, na wazazi waliapa kuleta nyingine kila mwezi. Bingwa alipewa shingo. Aliitafuna akiwaangalia watoto wakila masomo yao mpaka mifupa. Mimi msimulizi wenu nilifurahi, sitaficha.

Kudra alimsindikiza hadi kwenye kirikuu.

"Umetisha, daktari. Shule moja ya Makutupora ina shida hiyohiyo. Wazazi wa kule wanafuga mbuzi."

Macho ya Methusela yakang'aa. "Mbuzi nao," alisema upesi, "hupimwa wazima."

Gari lilipopotea kwenye vumbi, Kudra alimpigia simu mwalimu mwenzake wa Makutupora.

"Anakuja Jumatatu," alisema. "Mwacheni aongee mpaka achoke. Ila visu vinoeni mapema."