Kilio cha Doreen kwa Piano

Jumatatu, 3 Machi
Bi Gelman, prodyuza, amenirudishia mchezo wangu wa jukwaani. Mabaharia, wasichana, nyimbo, harusi mwishoni. Kasema mambo hayo alikufa nayo bibi yake. Siku hizi watu huja kwenye kumbi za Broadway kulia. Maradhi, misiba, akili kuvurugika. Akaniuliza kama nina uchungu wowote. Sina! Miaka hamsini, sijawahi hata kulazwa. Mtunzi mwenzangu Tuttle ana bahati zake. Baba yake kapoteza kumbukumbu, kamsahau hata jina, yeye kalitungia wimbo, na ukumbi unajaa.

Jumanne, 4 Machi
Nimepata. Dada yangu Doreen alifiwa na mumewe, Walt, Novemba. Nimekwenda kwake Queens. Alifurahi, maskini. Kasema ni mimi tu ambaye bado namuulizia Walt. Akanisimulia anavyolala upande wa Walt kitandani ili usipoe. Nikasingizia choo, nikayaandika.

Ijumaa, 14 Machi
Nyimbo tayari. Doreen nimemwita Maureen. Hatajua mtu.

Jumatano, 19 Machi
Leo mchezo umesomwa mbele ya wenye fedha za kuugharamia. Hakuna mavazi wala mapambo. Waigizaji husimama na makaratasi, matajiri hukaa wamenuna wasije wakaonekana wameupenda. Nilihofia ule mnuno. Basi nikamkalisha Doreen mbele kabisa. Yeye ni mwepesi wa machozi, na kilio huambukiza. Nilimwambia ni ule wa mabaharia.

Wimbo wa kitanda ulipoanza, hakulia. Aligeuka akanitazama. Kisha akasimama, akasema taratibu, ukumbi wote ukisikia: “Irwin, yale nilikuambia wewe. Sikuwa na mwingine wa kumwambia.” Akachukua koti lake, akatoka.

Matajiri wakaangua kilio. Walidhani ni sehemu ya mchezo. Bi Gelman anataka atoke vilevile kila usiku.

Jumapili, 23 Machi
Doreen hapokei simu. Nimekwenda Queens, nimegonga mpaka vidole vikauma. Nilimwona dirishani. Akavuta pazia.

Nimelia kwenye treni, kweli kabisa, mama mmoja akanipa leso. Sina ndugu mwingine duniani. Naumia.

Naumia! Uchungu wangu mwenyewe, hatimaye. Kaka aliyefungiwa mlango. Kabla sijashuka nilishapata kiitikio.

Jioni nimempigia tena, nikaacha ujumbe. Nimemwomba radhi kwa moyo wote. Nikamuuliza pia lile pazia ni la rangi gani, maana kutoka barabarani sikuona vizuri.