Boga la Assuntina na Haki Yangu ya Kuwasha Tanuri

Serralta, Jumamosi, majani yakipukutika.

Kwa Shemeji yangu mheshimiwa, Bi. Ersilia, dada mkubwa wa marehemu mke wangu Assuntina na, kwa cheo ulichojipa mwenyewe, Msimamizi Mkuu wa Moto katika nyumba yangu.

YAH: OMBI LA KURUHUSIWA KUOKA MAKARONI

Shemeji,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, ukiwa umesimama dirishani kwako kama kawaida, ukiilinda dohani yangu isitoe moshi. Mimi sijambo, ila nimeshiba. Nimeshiba tangu mwezi wa Mei.

Desturi yetu ya hapa mlimani sote tunaijua. Nyumba iliyofiwa haiwashi moto. Ndugu na majirani huleta chakula mpaka machozi yapungue. Ni desturi nzuri na sina ugomvi nayo. Nadhani tu kwamba wazee walioiweka walifikiria siku chache. Wewe hawakukufikiria.

Kwa unyenyekevu, basi, nawasilisha malalamiko yangu.

1. Kuhusu moto. Mwezi Juni nilichemsha kahawa, nawe ukafika kabla haijatokota. "Shemeji, moshi huo wa nini? Unataka mji useme Assuntina hakuwa na ndugu?" Mwezi Agosti nikakaanga yai moja, madirisha nimeyafunga yote. Ukaja na aproni yako, na padri nyuma yako. Yai akalila padri.

2. Kuhusu jibini. Trei unayoniletea kila Jumapili unaiita makaroni ya kuoka. Jibini yake ni ile ya pakiti, vipande vimepangwa kama askari wa gwaride, na vina ladha ya pakiti. Kumbe darini kwangu inaning'inia jibini ya kweli, kwenye kamba ambayo fundo lake alilifunga Assuntina kwa mikono yake. Panya wanaitazama kwa hamu. Mimi pia naitazama. Kati yetu, wao ndio wenye matumaini.

3. Kuhusu pembe. Makaroni ya kuoka huliwa kwa sababu ya pembe. Ya katikati ni chakula tu. Pale pembeni, jibini inapoungua ikawa nyeusi na kung'ang'ania chuma, ndipo watu wanapooana. Mimi na Assuntina tulizigombania kwa uma. Alikuwa akiniambia, "Vitaliano, hebu ona yule ndege dirishani," nami kila mwaka niligeuka kumtafuta huyo ndege, na nikirudisha macho pembe haipo. Wewe, Shemeji, unaoka katika trei ya duara.

4. Kuhusu Bi. Fortunata wa duka la vifungo, ambaye siku hizi ndiye unayemtuma kuleta trei ya katikati ya juma. Ni mwanamke mwema. Lakini makaroni hayahitaji kuvaliwa hereni ili yavuke barabara. Na siku ile mlangoni ulimnong'oneza kwa sauti ambayo hata viziwi waliisikia: "Ingia tu, mama, mwache akuzoee." Nimemzoea. Anakaa kwenye kiti, mimi nakula, na sote wawili tunakuogopa.

5. Kuhusu mantiki. Nimelitafakari jambo hili kwa kadiri ya shule yangu ndogo. Moto hauruhusiwi mpaka niache kulia. Ninalia nikila makaroni yako. Makaroni yako yataendelea kuja mpaka niwashe moto. Maana yake nitaomboleza mpaka nife, na nikifa nyumba hii itakuwa imefiwa upya, nawe utaleta trei nyingine. Napendekeza moja kati ya mawili. Ama mji unitangaze marehemu na kunizika kwa heshima nikiwa hai, ili nijipikie huko makaburini, ambako sijasikia moto umekatazwa. Ama wewe ufiwe kidogo, na ndugu wa mbali usiyempenda, ili na mimi nikuletee trei ya duara mpaka usahau ladha ya ulimi wako.

6. Kuhusu boga. Hili ndilo lililonishikisha kalamu. Mbegu zake alizipanda Assuntina mwezi Aprili, nyuma ya nyumba, akiwa hana tena nguvu za kuinama. Nilimshika kiuno, naye akachimba kwa kijiko cha supu. Alinigombeza kwamba namtekenya. Likatoka boga moja tu, na lipo hapa mezani mbele yangu. Juzi uliliona, ukalipapasa kama mchuuzi, ukasema, "Hili nalichukua, nikakuokee."

Hapana, Shemeji. Nimekupa funguo zangu, Jumapili zangu na yai langu. Boga hili nitalioka mwenyewe, pamoja na makaroni, uyoga wa msituni na ile jibini ya kamba, katika trei ya Assuntina ya pembe nne. Kesho ukiona moshi, usije. Usimtume padri. Usimtume Bi. Fortunata. Kaa kwako.

Nisalimie jirani yako Gaetano na goti lake, paka wako, padri (mwambie kuku ameacha kutaga), na mtaa mzima ulioshiriki kuninenepesha.

Ni mimi shemeji yako, mtiifu na aliyevimbiwa,

Vitaliano

N.B. Kesho ilikuwa mbali, nimeoka leo. Makaroni nimeyachemsha yakaiva nusu, uyoga nimeukaanga kwa kitunguu saumu, na jibini nimeikata bila kufungua fundo. Chumvi nimeisahau. Moshi ulipotoka nilisimama nyuma ya mlango nikikungoja nikufukuze. Hukuja. Nikachungulia dirisha lako, nikakuona umesimama pale pale, unafuta macho kwa aproni. Harufu ya lile boga ilikuwa imekufikia.

Ndipo nikakumbuka kwamba desturi yetu hulisha nyumba ya marehemu tu, na nyumba yako ni nyingine. Alikuwa mdogo wako kabla hajawa mke wangu, na sijamwona mtu akikuletea hata kijiko.

Barua hii naileta mwenyewe, juu ya trei. Zima jiko, Shemeji. Nyumba yako imefiwa. Leo haiwashi moto. Jumapili lete ile ya duara, nitaila. Pembe nimekula moja, zimebaki tatu. Tafuta uma. Na ukiniambia kuna ndege dirishani, nitageuka.